Kutwa Mara Tatu: Hesabu Iliyojificha Kwenye Bahasha ya Dawa

Nenda duka la dawa lolote karibu na chuo. Muuzaji atahesabu vidonge, atavitia kwenye bahasha ndogo, kisha juu yake ataandika 1x3. Akikukabidhi atasema, "Kimoja, kutwa mara tatu." Unaitikia, unaondoka. Maneno hayo tumeyasikia tangu utotoni mpaka yamekuwa kama salamu: mtu anajibu tu bila kuyasikiliza. Hebu leo tuyasikilize. Kutwa, kwa Kiswahili chetu, ni tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Usiku una jina lake, unaitwa kucha. Sasa kama kidonge ni cha kutwa, usiku mwili unabaki na nini?

Mimi si mfamasia. Nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Baiolojia na Kemia. Ila hizo Baiolojia na Kemia zinatosha kabisa kuonyesha kwamba ile 1x3 si mazoea ya muuzaji. Ni jibu la hesabu yenye pande mbili: dawa inaufanyia nini mwili, na mwili unaifanyia nini dawa. Famakolojia yote imesimama juu ya maswali hayo mawili. Na kwenye hosteli zetu, ambako dawa inaazimwa kama chumvi, kuyajua majibu yake ni suala la afya yako na ya mwenzako wa chumbani.

Dawa inajuaje panapouma?

Nilipokuwa BTP nikifundisha kidato cha pili, mwanafunzi mmoja alinyoosha kidole akauliza: "Mwalimu, nikimeza dawa kwa ajili ya jino, inajuaje kwamba panapouma ni kwenye jino?" Darasa zima likacheka. Kumbe mwenzao kauliza swali la kwanza la famakolojia.

Jibu ni kwamba haijui. Dawa ikishaingia kwenye damu inazunguka karibu mwili mzima: jino, goti, tumbo, figo. Inafanya kazi popote inapokuta kitu cha kushikana nacho.

Chukua ibuprofeni au diklofenaki, hizi tunazomeza mguu ukiteguka mpirani. Sehemu ya mwili inapoumia, seli zake hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi huifanya mishipa ya fahamu ya pale iwe nyepesi kuhisi maumivu, na huchangia uvimbe. Prostaglandini hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya maalumu, na ibuprofeni hukizuia kimeng'enya hicho. Uzalishaji ukipungua, maumivu yanapungua. Hata maumivu ya hedhi yamo humo humo: prostaglandini nyingi kwenye mji wa mimba huufanya ubane kwa nguvu, ndiyo maana dawa hizi husaidia zaidi zikimezwa mapema kuliko kusubiri mpaka mtu ajikunje kitandani.

Lakini kumbuka, dawa haijui panapouma. Tumboni pia kuna prostaglandini, na kule kazi yake ni njema: zinasaidia kutengeneza ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Kwenye figo zinasaidia damu iendelee kupita vizuri. Dawa ile ile iliyotuliza mguu inaenda kupunguza ulinzi wa tumbo. Mtu akizimeza kila siku, tena bila kula, asishangae tumbo likianza kuwaka. Faida na madhara vimetoka mlango mmoja. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mmoja wetu alishike: madhara ya dawa mara nyingi ni kazi ile ile ya dawa, ila mahali ambapo hukuihitaji.

Safari ya kidonge

Kidonge kikimezwa kinayeyuka, na sehemu kubwa ya kufyonzwa hufanyika kwenye utumbo mwembamba. Damu inayotoka huko haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Inapitishwa kwanza kwenye ini. Ini ni kama geti la chuo: mlinzi anakagua kila anayeingia. Vimeng'enya vya ini huanza kuibadilisha dawa hapo hapo, kabla haijafika popote. Kuna dawa zinazopita getini karibu zote, na kuna nyingine zinapunguzwa sana.

Ndiyo maana mofini ya kumeza hutakiwa nyingi kuliko ya sindano kwa maumivu yale yale. Ndiyo maana pia naitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, huwekwa chini ya ulimi: mishipa ya pale inaipeleka kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Kwa hiyo ile imani kwamba sindano ni dawa kali kuliko kidonge tuiweke sawa. Sindano ni njia nyingine ya kuingia, basi. Kama dawa inafyonzwa vizuri tumboni, na mgonjwa anaweza kumeza bila kutapika, mara nyingi kidonge kinatosha.

Chakula nacho kina mkono wake. Siprofloksasini ikikutana na maziwa tumboni, kalsiamu ya maziwa inashikana nayo, na dawa inafyonzwa kidogo. Dawa ya mseto ya malaria, kinyume chake, inahitaji mafuta. Maziwa yale yale yaliyoharibu dawa ya kwanza yanaisaidia ya pili. Ukiambiwa "meza baada ya kula" au "usimeze na maziwa", hayo si maneno ya kujaza nafasi.

Kufuli na funguo

Dawa nyingi hufanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani protini za seli zinazosubiri ujumbe wa kikemikali. Tuseme kipokezi ni kufuli. Mwili una funguo zake wa asili, na dawa ni ufunguo wa kuchonga.

Funguo nyingine zinafungua kweli. Salbutamoli, dawa ya kuvuta ya wenye pumu, inafungua vipokezi vya njia ya hewa ambavyo adrenalini huvifungua. Misuli inalegea, hewa inapita. Vipokezi vya jamaa hiyo viko pia kwenye misuli ya mikono na kwenye moyo, ndiyo maana akizidisha mikono inatetemeka na moyo unaenda mbio.

Funguo nyingine zinaingia kwenye kufuli lakini hazizunguki. Zinakaa tu pale, na ufunguo halali unakosa nafasi. Mfano wake sote tunaufahamu: kahawa ya wiki ya mitihani. Kadiri tunavyokaa macho, ubongoni hujikusanya kemikali iitwayo adenosini. Ikishika vipokezi vyake tunasikia usingizi. Kafeini ina umbo linaloiruhusu kukaa kwenye vipokezi hivyo bila kuvifungua. Kwa hiyo kahawa haiondoi uchovu. Inauzuia mlangoni tu, na foleni nje inazidi kurefuka. Kafeini ikipungua, waliokuwa kwenye foleni wanaingia, na wewe unalalia daftari.

Piriton nayo inafanya mchezo huo huo kwa histamini. Puani inapunguza makamasi na chafya. Ubongoni, ambako histamini hutusaidia kukaa macho, inaleta usingizi. Wapo wanaoimeza ili walale tu. Ukichanganya na pombe, ambayo nayo inaupoozesha ubongo, mambo mawili yanavuta kamba upande mmoja, na hatari inaongezeka. Setirizini ni ya ukoo huo, ila inaingia ubongoni kidogo, ndiyo maana usingizi wake ni mwepesi zaidi.

Nusu ya nusu

Sasa turudi kwenye ile 1x3. Mwili hauwezi kukaa na kitu kigeni bila kukishughulikia. Ini linakibadilisha, figo zinakichuja, kinatoka na mkojo. Wataalamu hupima kasi hiyo kwa muda ambao kiasi cha dawa kwenye damu hupungua na kubaki nusu. Tuuite muda wa nusu. Ukipita mara moja, imebaki nusu. Ukipita mara mbili, robo. Mara tatu, thumni. Ukipita mara tano imebaki kama asilimia 3 tu.

Kafeini, kwa wastani wa mtu mzima mwenye afya, ina muda wa nusu wa saa 5 hivi. Tuseme umekunywa kinywaji chenye miligramu 100 saa 2 usiku. Saa 7 usiku bado una miligramu 50. Saa 12 asubuhi, unapojiandaa kwenda kwenye pepa, una 25. Umelala, ndiyo, lakini umelala na kafeini kichwani.

Amoksilini iko tofauti kabisa. Muda wake wa nusu ni kama saa 1. Piga hesabu: baada ya saa 8 zimepita nusu nane, na kilichobaki ni sehemu moja kati ya 256. Dawa hii inafanya kazi kwa kuwazuia bakteria kujenga kuta za seli zao, na inahitaji kuwepo kwa kiasi cha kutosha wakati wanapojenga. Ndiyo maana mara nyingi huandikwa mara tatu. Sasa angalia tunavyoimeza. Wengi wetu ni saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 jioni. Kutwa kweli kweli! Kati ya kidonge na kidonge mchana ni saa 6, ila usiku ni saa 12. Bakteria hawajui habari ya kutwa wala kucha. Escherichia coli, akiwa maabara na chakula cha kutosha, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mpe usiku mzima bila dawa ya kutosha, umempa nafasi.

1x3, kwa maana yake halisi, ni kila baada ya saa 8. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Vidonge ni vile vile, bei ni ile ile, mpangilio tu ndio umebadilika.

Kwa hesabu hiyo hiyo utaelewa kwa nini azithromaisini huandikwa 1x1, mara nyingi kwa siku 3. Watu husema ni kwa sababu "ile ni kali." Hapana. Muda wake wa nusu unakaribia saa 68, kwa hiyo inaendelea kuwepo mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Dawa inayokaa humezwa mara chache, inayoondoka upesi humezwa mara nyingi. Idadi ya vidonge haikuambii ukali.

Mseto: somo zima kwenye pakiti moja

Nikitafuta dawa moja ya kufundishia yote haya, nachagua mseto, yaani atemetha na lumefantrini. Wazazi wetu wanakumbuka klorokwini na miwasho yake. Vimelea vilipoizoea, Tanzania Bara ikahamia SP mwaka 2001, na SP nayo ilipochoka, ikaja mseto kuanzia 2006. Atemetha inatokana na atemisinini, kemikali ya mmea wa Artemisia annua ambayo mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake waliichopoa miaka ya 1970. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Kwa nini dawa mbili? Kwa sababu zina tabia tofauti. Atemetha inaua vimelea kwa kasi kubwa, lakini inaondoka mwilini kwa saa chache. Lumefantrini haina haraka, ila inakaa siku kadhaa na kumalizia waliobaki. Mmoja anafyeka, mwingine anapalilia.

Dozi ya mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea, kwa vidonge vile vya kawaida, ni vidonge 4 mara 6 kwa siku 3, jumla 24. Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Hapo ndipo panapotushinda. Ukianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri, na inabidi uamke. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni. Na kwa kuwa lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta, kuimeza kwa maji matupu kwa sababu mdomo mchungu ni kuipoteza. Chai ya maziwa, chapati, karanga, parachichi, chochote chenye mafuta kidogo kinasaidia.

Siku ya pili homa imeshuka. Wengi huacha hapo, vidonge vilivyobaki vinaingia droo. Lakini kupona kwa homa ni kazi ya yule anayefyeka. Anayepalilia hajamaliza. Vimelea vichache visivyosikika bado vipo, na wiki chache baadaye ugonjwa unarudi, tena labda wiki ya mitihani.

Geti linapozidiwa

Parasetamoli tunaiona kama pipi, kwa sababu inauzwa hata kwenye genge. Kwa kipimo sahihi ni dawa salama sana. Ini huibadilisha sehemu kubwa kuwa vitu visivyo na madhara. Sehemu ndogo inageuka kuwa sumu, na ini lina akiba ya kemikali iitwayo glutathayoni ya kuizima sumu hiyo. Tatizo ni kwamba akiba ina mwisho. Ikiisha, sumu inashambulia seli za ini lenyewe.

Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite saa 4 au zaidi. Mtego upo hapa: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu anameza za kichwa, halafu za mafua, halafu anaongeza "zile za blu" alizopewa na jirani, kumbe zote ni moja yenye majina matatu. Na ini halipigi kelele mapema. Aliyezidisha anaweza kuonekana mzima siku nzima ya kwanza huku ini likiharibika. Ukijua mtu amezidisha, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa, usisubiri dalili. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa ya kuokoa ini ipo na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Vidonge vya buku

Najua mtakachosema: bumu halijatoka, na dozi kamili ni pesa. Ndiyo maana mtu anafika dirishani anasema, "Nipe amoksilini za buku." Anapewa sita. Zikimpa nafuu anasema amepona, zisipompa anasema dawa ni feki. Mwingine ana mafua, anaomba tatu kwa mwenzake. Mafua husababishwa na virusi, na virusi havina ukuta wa seli ambao amoksilini ingeuzuia. Hakuna kufuli, ufunguo wa nini?

Ila dawa hiyo haijakaa bure. Imezunguka mwili mzima na kukutana na bakteria wetu wa kawaida wa utumboni na kooni. Walio dhaifu wamekufa, waliokuwa na mbinu ya kuikwepa wamebaki, wamezaana, na wanaweza kupitishia bakteria wengine mbinu hiyo. Usugu unaanzia hapo. Hosteli tunalala wanne, sita, nane chumbani. Bakteria sugu wa mtu mmoja ni wa chumba kizima. Na siku mmoja wetu akihitaji dawa hiyo kweli, kwa nimonia au kidonda cha upasuaji, ataikuta imekuwa chaki.

Kuazimana kuna shimo jingine. Vimeng'enya vya ini vinaweza kuharakishwa au kucheleweshwa na dawa nyingine. Rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, huliharakisha ini sana. Dada anayeitumia huku anategemea vidonge vya uzazi wa mpango, au akameza P2, homoni zile zinaondolewa kabla hazijafanya kazi ya kutosha. Amemeza kwa wakati, na bado anaweza kushika mimba. Rafiki aliyemwazima hawezi kuliona hilo. Anayeweza ni yule aliyeuliza kwanza, "Unatumia dawa nyingine gani?"

Kabla hujaondoka dirishani

Kwa hiyo mwanachuo mwenzangu, ukipewa bahasha usione aibu kuuliza. Dawa yenyewe inaitwaje, jina la dawa, si la kampuni? Nimeze kila baada ya saa ngapi? Kwa chakula gani, na nini niepuke? Kwa siku ngapi? Na mwambie mwenyewe kabla hajauliza: dawa nyingine unazotumia, kama una mimba au unanyonyesha, kama una vidonda vya tumbo, pumu, au tatizo la ini na figo. Kama pesa haitoshi dozi nzima, sema. Mara nyingine ipo ya kampuni nyingine, kitu kile kile kwa bei nafuu, na mwenye bima aanzie zahanati ya chuo. Mara nyingine utaambiwa huhitaji antibayotiki kabisa, na pesa yako inabaki mfukoni.

Halafu mwombe kitu kimoja kidogo. Akishaandika 1x3, aongeze chini yake: saa 12, saa 8, saa 4. Bahasha ina nafasi ya kutosha.